Mvua, bunduki na Baba Watoto: kabla hujagusa skrubu

Mwezi huu nimeamua kujibu swali ambalo akina dada mmeniuliza mara nyingi, hasa ninyi mlioolewa na wanaume wenye kazi za safari: "Hivi dada, nikimfuata mume wangu kazini kwake nitafanya nini? Si nitakuwa mzigo tu?"

Waume zenu wengine ni mainjinia wa barabara, wengine madereva wa malori, wengine wako migodini. Wangu mimi ni mwindaji bingwa. Msimtazame vibaya, ni kazi yenye leseni na mtihani. Mgeni anakuja na kibali chake cha kuwinda, na mwindaji bingwa ndiye anayemwongoza, anayemwambia piga au usipige, na mambo yakiharibika ndiye anayesimama kati ya mgeni na mnyama. Kwa hiyo bunduki ya Baba Watoto huwa haitoki mara nyingi. Ila siku ikitoka, haitakiwi kukosea.

Nitawasimulia siku nne tulizokaa Ifakara, Novemba 2019. Kama unaikumbuka mvua ya mwisho wa mwaka ule, utajua nazungumzia nini. Afrika Mashariki nzima ililowa.

Bonde lenye maji yake

Kwa wale ambao hamjafika, Ifakara ipo mkoa wa Morogoro, kwenye Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Mito inashuka kutoka milimani, inaingia Mto Kilombero, nao unamwaga Rufiji. Masika yakikolea, bonde linageuka ziwa. Ndiyo maana mpunga wa huku unasifika, na ndiyo maana mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, karibu kilometa za mraba 8,000. Sheshe, yule swala mwekundu anayependa majani ya kando ya mto, aliishi hapa kwa wingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Siku hizi amepungua sana. Mwaka ule tulioenda lilikuwa bado Pori Tengefu. Mwaka 2023 sehemu yake ilipandishwa hadhi ikawa Pori la Akiba Kilombero, na masharti yamekaza.

Halafu kuna historia. Tarehe 30 Agosti 1905, ng'ambo ya bonde kule Mahenge, maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi kuwa maji. Bunduki za rashasha zikawapukutisha. Mzee mmoja wa kufuata nyayo anayefanya kazi na mume wangu huwa anasema, "Mwanangu, maji hayaizuii risasi. Ila yanaweza kuipoteza njia." Alikuwa anazungumzia bunduki, na siku zile nne nikaja kumwelewa.

Unyevu unaingilia wapi?

Watu wengi wanadhani matone ya mvua ndiyo yanayoisukuma risasi pembeni. Hapana. Risasi nzito haisumbuliwi na tone. Kinachosumbuliwa ni kila kitu kingine, na mume wangu alinihesabia kama anayefundisha darasa la kwanza.

Kwanza, mti wa bunduki, ile sehemu ya mbao inayoushika mtutu. Mbao ni mbao, iwe ya kabati au ya bunduki: ikinywa unyevu inavimba. Ikivimba ikaugusa mtutu upande mmoja, risasi inahama upande wa pili. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye mti wa plastiki ngumu. Yeye hataki. Bunduki yake ya .375 ina mti wa mbao na anaipenda, wakati mwingine nahisi kuliko mimi.

Pili, darubini iliyo juu ya bunduki. Ukilala nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi halafu asubuhi ukaitoa nje kwenye joto la Ifakara, kioo kinafunga ukungu palepale. Ukungu wa nje unafutika. Ukungu ukiwa ndani, ujue muhuri wa darubini umekufa na hakuna dawa ya porini, ni kubadilisha tu. Ndiyo sababu tulichukua chumba cha feni. Mimi nilijua ni ubahili, kumbe ni utaalamu!

Tatu, mtutu wenyewe. Maji yakikaa ndani ya mtutu ukafyatua, unaweza kuuvimbisha au kuupasua usoni pako. Kwa hiyo mvuani mdomo wa bunduki unaelekezwa chini, au unazibwa kwa kipande chembamba cha plasta. Msiogope, hewa inayosukumwa mbele ya risasi inaitoboa plasta kabla risasi haijafika. Na oili ya kuzuia kutu ni lazima ifutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga, la sivyo risasi ya kwanza inakwenda inakotaka yenyewe.

Nne, risasi zikae kavu mfukoni. Ganda lenye maji au oili halishiki vizuri kuta za chemba, na nguvu yote inarudi kuigonga bolti.

Na tano, barabara. Wakati ule kipande cha Kidatu hadi Ifakara kilikuwa bado kinajengwa. Siku hizi kuna lami, mnateleza tu. Sisi tulitikiswa mpaka meno. Na kinachotikisa meno kinatikisa na skrubu.

Risasi tano za kwanza

Tulipewa sehemu ya kupigia shabaha, mbali na makazi, askari wa wanyamapori yupo, na nyuma ya shabaha kichuguu kikubwa kama nyumba cha kuzipokea risasi. Narudia kwa msisitizo: huwezi tu kwenda shambani kwa mjomba ukaanza kufyatua. Silaha inamilikiwa kwa leseni ya polisi, na porini kuna sheria zake. Yule askari alivyoniona nasogea alisema mara moja, "Shemeji, kaa nyuma ya mstari, tia vizibo masikioni." Nikatii.

Kazi yangu ilikuwa darubini ya mkono na daftari. Penseli, siyo kalamu, maana wino kwenye karatasi yenye unyevu unakuwa uji. Shabaha ilikuwa boksi gumu lililofunikwa nailoni. Bunduki haikuegeshwa juu ya meza tupu, iliwekwa juu ya kiroba cha pumba za mpunga. Ifakara pumba ni za bure, na zinashika bunduki kwa upole kuliko mchanga uliolowa.

Akaanza mita 25. Pale unahakikisha tu kwamba risasi inakwenda kwenye boksi na siyo Malinyi. Risasi mbili zikaachana upana wa vidole viwili. "Mikono ina baridi," akasema. Nikaandika: mbili, vidole viwili.

Tukaisogeza shabaha mita 100. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Risasi ya kwanza sentimeta 9 kulia. Ya pili 6 kushoto, chini kidogo. Ya tatu 15 kushoto. Manyunyu yanaendelea, nguo zimeganda mgongoni, na mgeni anaingia kesho yake jioni.

Nikamwona mkono unakwenda kwenye kifundo cha darubini. Vifundo ni viwili: cha juu kinapandisha na kushusha, cha pembeni kinapeleka kulia na kushoto. Kila unapozungusha kinalia "tik", na kwa darubini yake tik moja ni kama milimeta 7 ukiwa mita 100. Risasi ya mwisho ilikuwa kushoto, kwa hiyo akataka kuivuta kulia.

Mzee wa nyayo akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, hizi hazijakaa pamoja. Sasa utasahihisha ipi?"

Jamani, sentensi ile! Risasi tatu zikikaa pamoja, hata kama zote ziko mbali na katikati, bunduki ni nzima na unarekebisha darubini. Zikitawanyika hivi, kuna kitu kimelegea au kinasukuma, na kila tik unayoongeza inakupoteza zaidi. Unapiga, unageuza, unapiga, unageuza, mwisho wa siku boksi limekuwa chujio na hujui ulianzia wapi.

Rangi ya kucha

Akashusha bunduki, akaifungua, akaondoa risasi, akamwonyesha askari chemba tupu. Halafu akaniambia, "Hebu tuangalie alama zako."

Alama zangu! Kabla hatujatoka Morogoro aliniomba rangi ya kucha nyekundu. Akachora mstari mwembamba kwenye kila skrubu, kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Tukaangalia moja moja. Mbele, kwenye kishikio cha darubini, mistari miwili ilikuwa imekatika. Barabara ilianza kuzilegeza, mateke ya bunduki yakamalizia.

Akazikaza kwa ufunguo wake, hii kidogo, ile kidogo, kwa kupishanisha. Nikadhani tumemaliza. Akaniomba noti ya elfu moja. Akaipitisha kati ya mtutu na mti. Bunduki yake imetengenezwa mtutu usiguse mbao kule mbele, kwa hiyo noti inatakiwa iteleze bila shida. Upande wa kulia ikapita. Upande wa kushoto ikakwama. Mbao ilikuwa imevimba.

Kumbe matatizo yalikuwa mawili yamelaliana, na darubini, aliyotaka kuisahihisha, haikuwa na kosa lolote.

Mwiko wa zamani

Hapa niwape jambo la kutafakari. Zamani, katika jamii nyingi za wawindaji Afrika Mashariki, mume akiwa porini mke alikuwa na miiko yake nyumbani. Mume akikosa shabaha au akijeruhiwa na mnyama, wa kwanza kushukiwa ni mke: alifanya nini huko alikobaki? Mkuki umeteleza msituni, kesi inasikilizwa jikoni.

Mtacheka, lakini tuangalie ndoa zetu za leo. Mwanaume kazi imekwama, anarudi anaanza na chumvi ya mboga. Mwanamke bosi kamtibua, anaanza na viatu vilivyoachwa mlangoni. Tunashika kifundo kilicho karibu na mkono, tunazungusha. Tik, tik, tik. Wakati skrubu iliyolegea iko kwingine kabisa.

Usiku wa hesabu

Tatizo la mbao halikuwa la dakika tano. Ilibidi chuma kitolewe kwenye mti, mbao ikaushwe kwa feni, isuguliwe kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, ipakwe vanishi mara mbili na kuachwa ikauke. Katika hewa ile, ni siku nzima ya ziada. Na siku ya mwindaji bingwa inalipwa kwa siku. Mgeni akianza kuchelewa, kampuni inanuna, na bahasha ya asante mwisho wa safari inaweza kupungua. Ada za Januari zilikuwa zinatukodolea macho.

Jioni ile alikaa kimya, wali na samaki vinapoa mezani. Akasema, "Mita thelathini ningempata tu nyati hata na hii."

Sikubishana. Nilimuuliza kitu kimoja: "Ungenituma mimi nisimame nyuma yako?"

Akacheka bila furaha. "Hapana."

"Basi jibu unalo."

Lazima muelewe uzito wa neno hilo. Nyati aliyejeruhiwa haondoki akafie mbali. Anaingia kwenye matete na anasubiri. Sheria inamtaka mwindaji amfuatilie, lakini akimpoteza, kesho yake anayekutana naye ni mwenyeji. Novemba ndiyo watu wa bonde wanaanza kuandaa mashamba ya mpunga. Familia zinahamia kwenye madungu, vile vibanda vya kuinuliwa mashambani, na watoto wanatumwa maji. Milimeta chache za mbao iliyovimba zinaweza kuishia kwenye msiba wa mtu ambaye hajawahi hata kuiona hiyo bunduki.

Akapiga simu kwa mkubwa wake, akaomba siku moja. Nilisikia upande wa pili sauti ikipanda. Akarudia maneno yaleyale kwa utulivu: "Mzee, bunduki haijakaa. Siingii nayo." Tukapoteza malipo ya siku hiyo. Nikachukua daftari langu la matumizi, tukahamisha mambo mawili hadi Februari. Hatukufa.

Siku ya tatu

Bado mvua. Safari hii noti iliteleza pande zote. Mistari mipya ya rangi ya kucha ilikuwa mizima. Mtutu umefutwa mkavu. Risasi tatu mita 100, akiacha mtutu upoe kati ya moja na nyingine. Nikatazama kwa darubini, nikapima: zote tatu ndani ya sentimeta 5, pamoja kama ndugu, ila katikati yake iko sentimeta 7 chini ya alama.

Sasa ndiyo akashika kifundo. Tik kumi juu. Milimeta 7 mara kumi, hesabu ya shule ya msingi. Akapiga tatu nyingine, zikakaa pale zinapotakiwa. Halafu akaiacha bunduki saa nzima nje, chini ya mvua, plasta mdomoni, ipoe na ilowe kama itakavyolowa kazini. Akapiga moja. Ile risasi moja ya bunduki baridi na lowani ndiyo iliyomfurahisha kuliko zote, kwa sababu porini hupewi tatu za kupasha moto.

Mgeni alipofika, na yeye alipelekwa kupiga shabaha kabla ya kitu chochote. Bunduki yake ilikuwa imepanda ndege mbili na gari moja, na heshima ya mgeni haizuii skrubu kulegea.

Mimi nilirudi Morogoro. Siku nne baadaye akanipigia simu. Mgeni alimpiga nyati nyuma ya bega, nyati akaingia kwenye matete. Wakamfuata polepole, na alipotoka alitoka hatua kama ishirini. Bunduki ya mbao ikalia mara moja. "Ilikwenda nilipoitazama," akaniambia. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Nini cha kubeba nyumbani

Kwa hiyo, mpendwa uliyeuliza kama utakuwa mzigo: inategemea unaenda kukaa au unaenda kutazama. Mwenzako akiwa kazini anatazama shabaha. Anahitaji mtu wa kutazama vingine. Mambo matatu nimeyatoa Ifakara na yanafanya kazi hata Sinza na Mikocheni.

Moja, wekeni alama wakati hali ni shwari. Mstari wa rangi ya kucha unachorwa kabla ya safari, hauchorwi skrubu ikishalegea. Semeni mapema: matumizi yetu ni haya, mwisho wa kurudi ni saa hii, simu ya kwanza ukifika unampigia nani. Siku mstari ukikatika, mtauona wote wawili bila kelele.

Mbili, usihukumu kwa risasi moja. Kachelewa kurudi leo? Iandike kichwani, usigeuze kitu. Mara tatu zikikaa sehemu moja, hapo kuna jambo la kuzungumza. Zikitawanyika, leo kelele, kesho kimya, keshokutwa machozi, usimrekebishe. Mtafute kilichomlegea: kazi, afya, deni, au msiba ambao hajaulilia.

Tatu, mwulize swali ambalo jibu lake analo yeye. Mwanaume aliyelowa na kuchoka hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kumsaidia kusikia alichokwisha kukijua. Na hii kwetu wanawake pia ni hivyohivyo, kaka zangu, msijifanye hamjasoma.

Masika yakija kila nyumba inanyesha kwa namna yake. Vitu vinavimba, vinalegea, vinashika ukungu. Kaukeni kwanza, kazeni kilicholegea, ndipo mrekebishane.

Mwezi ujao tutaongelea wenza wanaofanya kazi ofisi moja, maana barua zenu zimejaa mezani na nyingine zinatisha! Endeleeni kuniandikia. Mpaka hapo, pendaneni, na kichupa cha rangi ya kucha kisikose kwenye gari.